Ufunguo wa Kanisa Ulivyofika Usangu

Mnaniuliza kila mahali. Mnadani mnaniuliza, kisimani mnaniuliza, hata kwenye misiba ya watu mnanivuta pembeni: "Mzee Lusangija, huko Usangu ilikuwaje?" Nimechoka kusimulia vipande vipande. Kila mmoja anabaki na kipande chake, kisha mnakutana mnabishana kana kwamba mlisafiri ninyi. Basi nimenunua daftari. Nitaandika mara moja, anayetaka asome.

Nilisoma mpaka darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza, ng'ombe wa watu walikuwa wananingoja. Lakini nilianza na plau ya kuazima nikafika kwenye plau zangu nne, nyumba ya bati, na mlango wa kanisa letu hapa Sapiwi, ule wa mninga, niliutoa mimi. Sijisifu, nasema ilivyo. Habari za tiketi na foleni sitaandika. Foleni kila mtu anaijua.

Kwanza niseme nilivyoondoka, maana ndipo kosa lilipoanzia.

Mke wangu Rebeka alifariki wakati wa palizi ya pamba. Miaka yote ya ndoa yetu, nikiombea chakula yeye ndiye aliyeitikia Amina, kwa sauti, hata jirani akasikia. Baada ya mazishi niliombea ugali wangu, nikafika mwisho, nyumba ikanyamaza. Ugali ule sikuumaliza. Kesho yake sikuomba. Kesho kutwa pia.

Tukiwa kwenye kuchuma ikaja barua. Mwanangu Elia, ndiye peke yake aliyekuwa amenibakia, alikuwa amehamia Usangu, kusini kabisa, na ng'ombe kutafuta malisho kama vijana wetu wengi. Barua ilisema amefariki kwa homa. Iliandikwa na shemeji yake, Doto, ikapita mikononi mwa wachuuzi wa ng'ombe, ikanifikia miezi mitatu baada ya maziko.

Mwinjilisti wetu, Zakaria, alikuja kunifariji. Alisema yale tunayosema kila msibani, nami mwenyewe nimeyasema makaburini mara nyingi, kwamba aliyetoa ndiye aliyetwaa. Nikamwambia, "Mwambie arudishe hata mmoja." Nikamwambia tena, "Tafuteni mzee mwingine wa kanisa. Mimi nimeacha."

Alipotoka yeye akaingia ndugu yangu Masunga, ambaye hajabatizwa mpaka leo. Alikaa, akavuta tumbaku yake, akasema:

"Sasa umeona. Masamva wa baba yetu uliwatupa kwa ajili ya Yesu wako. Nao wanachukua watu wako mmoja mmoja."

Masamva ndio wahenga wetu, wale tunaosema wanalala lakini hawasahau.

"Kondoo mweusi ninaye," akaendelea. "Sema neno moja tu. Tunatambika, unavaa bangili ya baba, mambo yanaisha."

Zamani ningemwonyesha mlango. Siku ile nilimwambia, "Niache kwanza nikaone kaburi la mwanangu. Nikirudi nitakujibu."

Kwa hiyo mzigo niliobeba njia nzima ulikuwa ni huo, jibu la Masunga.

Bariadi mpaka Maswa, juu ya pamba

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia kwa nguvu. Tulikuwa tumezoea ushirika peke yake, sasa kila senta ya pamba ina mizani tatu na kila mwenye lori anaitwa tajiri. Nilipanda lori moja la namna hiyo Bariadi, Jumamosi asubuhi, nikakaa juu ya magunia ya pamba na kigunia changu cha michembe. Michembe nilimchukulia mkwe wangu Kabula, mke wa marehemu, kwa sababu huko wanakolima mpunga viazi vyetu vya kukaushwa hawavijui.

Lori lilikufa kabla ya Mto Simiyu. Dereva, mtu wa Tanga, mwembamba, mwenye maneno, aliingia chini ya gari akatoka, akaingia tena akatoka. Tukakaa kwenye kivuli cha lori tangu saa nne mpaka saa tisa. Wenzangu walipiga soga. Mimi nilitia mkono mfukoni kutafuta kisu nimenye muwa, nikashika chuma kingine.

Ufunguo wa kanisa.

Koti langu jeusi ndilo hilo hilo la ibada. Jumapili iliyotangulia nilifunga mlango, nikatia ufunguo mfukoni kama siku zote, kisha wiki ile nikagombana na Zakaria. Ufunguo ni mmoja tu. Kufuli ni lile kubwa, nililinunua mwenyewe Mwanza.

"Mzee, hiyo ni ya duka?" dereva akauliza.

"Ya kanisa."

"Kesho si Jumapili?"

"Ni Jumapili."

"Sasa waumini wako wataingilia dirishani?"

"Si wangu."

Hapo hapo akapita mtu wa baiskeli anaelekea Bariadi, kuku wamening'inia kwenye usukani. Ninamfahamu, ni wa Nkololo, na Jumapili hupita Sapiwi. Dereva akanitazama akingoja nimwite. Sikumwita. Mmeniuliza ukweli, nawaambia ukweli: sikusahau ule ufunguo. Nilikuwa na hasira na Mungu, na siku ile niliona nimepata kitu cha kumfanyia. Amenifungia, na mimi nimemfungia. Nilimtazama yule wa kuku mpaka vumbi lake likatulia.

Maswa tuliingia jua linazama. Nililala gesti pale Nyalikungu, nikala wali na maharage peke yangu, bila kuomba.

Malampaka, treni ya Jumapili iliyokuja Jumanne

Malampaka nilifika Jumapili asubuhi, na treni tuliambiwa ni ya mchana. Mchana wakasema jioni. Jioni wakasema kesho. Baadaye hata kuuliza tukaacha, tukakaa kama mizigo mingine.

Kulikuwa na mama mmoja muuza uji, mnene, mcheshi, mtoto wa kike mgongoni. Siku ya pili aliona koti langu jeusi akaniletea yule mtoto. Macho ya mtoto yalikuwa mekundu, midomo imekauka.

"Mchungaji, niombee huyu."

"Mimi si mchungaji. Mimi ni mtu wa ng'ombe."

"Basi mwombee kama mtu wa ng'ombe."

Watu wakacheka. Nilitaka kuondoka, lakini utaondokaje mbele ya mtoto anayechemka. Nikaweka mkono kichwani pake. Miaka yote maneno yalikuwa yanakuja yenyewe, mtu akiniambia omba ni kama kumfungulia ng'ombe anayejua njia ya kisimani. Siku ile hayakuja. Nikasema, "Apone." Basi.

Yule mama alisubiri kidogo, akaona nimemaliza, akaitikia, "Amina." Akanijazia bakuli la uji akakataa hela yangu.

Neno lile sikuwa nimelisikia karibu namna hiyo tangu Rebeka aondoke. Uji ulikuwa mzuri, wa uwele, una ndimu.

Ndani ya treni, na mtani wangu

Tabora treni ilisimama muda mrefu kungoja mabehewa ya Kigoma. Hapo akapanda Mgogo mmoja wa makamo yangu, masikio yametobolewa, akakaa mbele yangu. Wagogo na sisi ni watani, na mtani hahitaji kukujua ili akutukane.

"Msukuma, hilo gunia la magome unampelekea mganga gani?"

"Si magome, ni michembe. Chakula cha watu."

"Watu gani, wenye meno ya punda?"

"Bora punda anakula. Ninyi kwenu mvua ikinyesha mnauliza ni kitu gani."

Alicheka mpaka akakohoa. Tukaendelea hivyo vituo vingi. Alinipa kuku wa kuchemsha, nikampa mchembe mmoja, akautafuna kutoka kituo kimoja mpaka kingine, akasema sasa ameelewa kwa nini Wasukuma wana taya kubwa. Kwa mara ya kwanza tangu palizi nilijisikia kicheko tumboni.

Kisha akauliza, "Unakwenda kwa nani huko kusini?"

"Kwa mwanangu. Yuko Usangu."

"Ana ng'ombe?"

"Anao."

"Wangapi?"

"Ng'ombe hawahesabiwi."

"Haya, tajiri. Na mwenyewe hajambo?"

Nikasema, "Hajambo."

Sijui nilisemaje. Lilitoka. Na likishatoka halirudi, ikabidi niendelee. Nikamwambia Elia ni mrefu kuliko mimi, anaimba kwaya sauti ya nne, ana binti wa miaka minne ambaye sijamwona. Yote hayo ni kweli. Nilimsimulia mwanangu akiwa hai tangu Manyoni mpaka Dodoma, na nilikuwa na raha. Mniseme, lakini nilikuwa na raha.

Dodoma tulishuka wote. Tukaagana, akapotea kwenye watu, kisha nikamwona anarudi mbio na furushi la karanga limefungwa kwenye kitambaa.

"Mpe mtani wangu wa Usangu. Mwambie akizikuta zimepungua, mwizi ni babake."

Akaenda zake. Jina sikumuuliza. Nilibaki pale stesheni na karanga za mtu aliyekufa mkononi, watu wananigonga mabega wakipita, na katika umati ule wote hakukuwa na hata mmoja wa kumwambia.

Kwenye baridi

Kutoka Dodoma nilipanda basi mpaka Iringa, na lingine kutoka Iringa kushuka Chimala. Njia hii sina mengi. Mafinga na Makambako niliona watu wote wamejifunika mablanketi na masweta mchana kweupe, nikadhani kuna ugonjwa umeingia. Nikamuuliza jirani yangu, mama mmoja wa Kibena, "Hawa wote wana malaria?" Akaniangalia vizuri, akasema, "Baba, wewe ndiye unayetetemeka." Kweli, nilikuwa natetemeka. Alinipa viazi viwili vya moto nikavishika mfukoni kila mkono. Mkono wa kulia ulishika kiazi na ufunguo.

Chimala sikujua nimuulize nani. Nikaenda mnadani. Nikasikia mtu anamtukana ng'ombe kwa Kisukuma, Kisukuma chetu cha huku, nikajua nimefika. Huyo akanipakia kwenye mkokoteni wake wa ng'ombe.

Mbugani

Usangu ni tambarare mpaka macho yanachoka. Jamaa wa mkokoteni alinionyesha alama kwenye shina la mti, juu ya goti langu, akasema masika maji hufika hapo. Sikutilia maanani. Laiti ningetilia.

Tulifika mchana wa saa nane. Kabula alitoka, akapiga magoti mbali, uso pembeni, kama mkwe anavyotakiwa. Amekonda. Binti yake alijificha nyuma yake, na jina lake ni Rebeka.

"Mwadila, baba," Kabula akanisalimu Kisukuma.

"Mwadila, mwanangu."

Aliniuliza habari za njia, za mvua, za pamba, za ng'ombe, za Masunga. Kisha akauliza, "Na kanisani hawajambo?"

"Kanisa nimeacha."

Akainuka akaenda kuteka maji ya kunawa.

Nikamwambia Doto, kaka yake, "Nipeleke kwa Elia." Doto alikuwa anaangalia miguu yake. Akaniongoza, tukapita nyumba, tukapita ghala la mpunga, tukaingia zizini. Ng'ombe walikuwa malishoni. Akasimama katikati.

"Yuko hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa tuliposimama."

Nilitazama chini. Mavi makavu na alama za kwato. Hakuna tuta. Hakuna jiwe. Hakuna msalaba.

Ninyi wa huku mnajua maana yake. Lakini daftari hili linaweza kufika kwa mtu wa mbali, basi nieleze. Kwa wazee wetu, mwenye mji, yaani baba wa kaya, huzikwa zizini. Ng'ombe wake wanakanyaga juu yake mpaka kaburi lisionekane, naye anakuwa mmoja wa masamva, na watoto wakipata shida wanakwenda pale pale zizini kumwomba. Baba yangu alizikwa hivyo. Masunga anataka azikwe hivyo. Na mimi nilipobatizwa kitu cha kwanza nilichowaambia wanangu ni kwamba sisi hatutalala zizini.

Niliwaka. Nilimtukana Doto, nikamtukana na baba yake, ambaye hajawahi kunikosea. Nikasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya mbuga:

"Nani kamzika mwanangu kipagani? Mtoto niliyempeleka kubatizwa! Mtoto wa kwaya! Hata kijiti cha msalaba mmekosa, na pori lote hili?"

Kabula alikuwa amefika kwenye lango la zizi, mtungi kichwani. Akautua. Akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, uso pembeni.

"Baba, unisamehe. Mimi ni mtoto wako."

"Sema."

"Sasa hivi nimekuuliza habari za kanisa, umesema umeacha."

"Nimeacha."

"Huo msalaba unaoudai basi ni wa nini?"

Mkwe wa Kisukuma hasemi hivyo kwa baba mkwe. Mimi mnanijua, nimewashinda watu wengi kwa maneno, mnadani na kwenye mabaraza. Nilifungua mdomo, hakukuwa na kitu ndani. Njia nzima nilikuwa najihubiria kwamba nimeachana na mambo yale. Na hapa nimesimama, natukana baba za watu kwa sababu ya vijiti viwili.

Kabula akaendelea, taratibu, hanitazami.

"Ilikuwa masika, baba. Tulichimba kule kwenye mpera, maji yakaja magotini. Tukahama tukachimba nyuma ya ghala, maji yakaja kabla ya kiuno. Elia mwenyewe ndiye aliyeliweka zizi hapa, kwa kuwa ndipo palipoinuka, ng'ombe wasilale majini. Hapakuwa na pakavu pengine."

Nikatazama. Kweli, zizi limekaa juu ya kinundu, na mbuga yote iko chini yake.

"Wazee wa jirani walileta ngozi ya ng'ombe wamviringishe. Nilikataa. Nilimvika shati lake la kwaya."

"Mwinjilisti?"

"Alikwama ng'ambo ya maji. Siku ya nne ndipo alipovuka."

"Sasa nani aliomba?"

"Mimi."

"Uliomba nini?"

"Sikujua maneno ya kuzikia, baba. Nilijua moja tu mpaka mwisho. Ile ya chakula, aliyonifundisha Elia, uliyomfundisha wewe. Nikaomba hiyo. Doto akaitikia."

Doto hajabatizwa. Nilimtazama, akakuna kichwa, akasema, "Nilimsikia shemeji akiitikia Amina kila siku. Nikaona lisipite bure."

"Na msalaba ulikuwepo," Kabula akasema. "Wa kwanza ng'ombe walijikunia ukavunjika. Wa pili nao. Wa tatu niliuondoa kabla hawajaumaliza."

Aliingia nyumbani akatoka nao. Alikuwa ameuchomeka kwenye nyasi za paa, juu ya mahali anapolala. Vijiti viwili na kamba ya katani, mkono mmoja umekatika.

Sitaandika nilichofanya hapo. Doto aliona, lakini Doto yuko mbali.

Kesho yake asubuhi nilimuuliza Doto, "Hapa jirani kuna mashoka mangapi?" Yalipatikana sita. Habari za mzee aliyetoka Bariadi kutukana zizi zilikuwa zimefika kila mji, kwa hiyo watu walikuja kwa wingi, wengine kuniona tu. Walipoona nakata miiba wakavua mashati. Tukakata na kukokota siku mbili, wanaimba zile nyimbo zetu za kulima, wananiweka na mimi ndani ya wimbo, kwamba mzee anapigana na ng'ombe wake. Ugomvi wenyewe sikuukana.

Hatukumhamisha maiti, tulihamisha zizi. Tulilisogeza hatua ishirini, likabaki juu ya kile kinundu, lakini mwanangu akawa nje ya ua, na yeye tukamzungushia miiba yake. Siku ya tatu nilichonga msalaba wa mgunga. Sikufunga kamba, nilitoboa nikapachika, ng'ombe ajikune atakavyo. Ule wa Kabula niliurudisha kwenye paa lake.

Alasiri ile Kabula alipika michembe. Michembe bila karanga si chakula, na karanga nilikuwa nazo. Nikamweleza habari za yule Mgogo, na uongo niliomwambia. Nilitazamia anilaumu. Akaficha uso kwenye kanga, mabega yakatikisika, na sikujua mara moja kama analia au anacheka. Alikuwa anacheka.

"Mtani hadanganywi, baba. Akisikia msiba umempita, atakuja kudai fahali."

"Akija mpeni. Karanga hazikupungua hata moja."

Walinitengea chakula changu na mjukuu wangu, maana mkwe hali nami. Nikavua kofia. Niliomba kifupi sana, ile ile ya chakula. Kabla sijafika mwisho Rebeka mdogo akasema Amina, njaa ilikuwa imemzidi. Nikaishia hapo hapo aliponikatiza. Niliona inatosha.

Kurudi

Nilikaa wiki tatu. Nilimwambia Kabula, "Fungeni mizigo twende nyumbani." Akasema, "Tukienda, huo ua wa miiba nani atauangalia?" Sikubishana. Aliyeshindwa mara moja zizini hana haja ya kushindwa mara mbili.

Kwa hiyo nilirudi kama nilivyokwenda, peke yangu. Malampaka nilishuka nikamtafuta yule mama wa uji. Mahali pake pana mwanamke mwingine, kijana, anauza mihogo. Akasema yule amehama, hajui wapi, na habari za mtoto hazijui. Ningependa kuwaambia mtoto alipona. Sijui. Nilimwombea tena palepale, safari hii maneno yalikuja, lakini yamekuja yamechelewa, na mtoto sikuwa naye.

Sapiwi niliingia Jumapili, kwa miguu kutoka barabarani, saa za ibada. Nilisikia wanaimba, lakini sauti ilikuwa wazi mno, haitoki ndani ya kuta. Nikazunguka. Wamekaa nje, kwenye kivuli cha ukuta wa magharibi, akina mama kwenye mikeka, wanaume juu ya mawe. Mabenchi yote yako ndani. Jumapili sita walikuwa hivyo. Nikatazama mlango. Kufuli langu linaning'inia vile vile, halina hata mkwaruzo.

Zakaria akasimamisha wimbo.

"Mngelivunja," nikasema. "Kufuli ni kitu gani."

"Lilijadiliwa," akasema Zakaria. "Wengine walileta nyundo. Lakini tukasema, tukivunja mlango wa Mzee Lusangija atatusema mpaka siku ya ufufuo."

Watu wakacheka, na kicheko hakikuwa kibaya. Kisha Zakaria akashusha sauti. "Tena tulisema, aliyeacha kabisa angeurusha ufunguo hapa chini akaenda. Huyu amekwenda nao."

Sikuwaambia habari za yule mtu wa kuku. Mnaisoma leo. Nilifungua. Mlikuwepo wengi wenu, mnajua mlivyoniacha niingie wa kwanza, na jinsi kulivyonuka popo. Kigoda cha Rebeka kilikuwa pale pale mbele, upande wa akina mama, kina vumbi. Hakuna aliyekikalia. Nilikifuta kwa mkono wa koti, nikaenda kukaa upande wangu.

Jumatatu asubuhi Masunga akaja, na kondoo mweusi kwa kamba.

"Umemwona mwanao?"

"Nimemwona. Alizikwa zizini, kama baba yetu."

Uso wake ukafunguka. "Si nilikwambia. Damu haipotei."

"Alizikwa kwa sala ya chakula."

"Hiyo ni dini gani?"

"Ndiyo yangu."

Akanitazama sana. Akavuta tumbaku yake mpaka ikaisha. Kisha akainuka, akamvuta kondoo wake wakaenda. Hatukugombana, tumenyonya ziwa moja. Bado anakuja, tunakunywa chai, ananiambia nitajuta.

Huenda. Rebeka hajarudi, Elia hajarudi, na kwa nini waliondoka hakuna aliyenieleza, wala sasa sitegemei kuelezwa huku chini. Mkiniuliza safari ilinipa nini, nitawaambia tu ninavyokula. Naweka ugali mezani. Naomba. Nikifika mwisho nyumba inanyamaza, nami naiacha inyamaze kidogo, kwa heshima yake. Kisha naitikia mwenyewe, kwa sauti, jirani asikie.